Kitanda cha Tisa

Hotuba kwa wanafunzi wa uuguzi na ukunga, Dar es Salaam. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema, nikaongeza machache niliyoyasahau nilipokuwa jukwaani.

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Walimu, wazazi, na ninyi wanangu mliovaa sare ambazo bado zina mikunjo ya dukani, habari za mchana.

Mkuu wenu aliponipigia simu aliniomba nizungumze juu ya huruma ya binadamu wakati wa vita, na wakati watu wamekosa kuaminiana. Nikamwambia mimi si mhubiri wala mwanasiasa. Nilianza kazi ya uuguzi na ukunga mwaka 1986, nikaifanya hadi kustaafu, na huruma naifahamu kwa dripu, shuka na bakuli la kuoshea vidonda. Akasema, njoo useme hayo hayo. Basi nitawapeleka Ngara kwanza, kule mpakani na Rwanda, maana somo hili nililisomea huko.

Tarehe 28 Aprili 1994 ilikuwa Alhamisi. Mauaji ya kimbari ya Watutsi huko Rwanda yalikuwa yameingia wiki ya nne. Mto Kagera, ambao watu wetu walizoea kuchota maji yake, ulikuwa unaleta maiti. Siku ile daraja la Rusumo likafunguka. Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, watu wapatao 250,000 walivuka kuingia Tanzania katika muda wa saa 24 hivi. Ninyi wa hapa mjini, chukueni Uwanja wa Mkapa uliojaa pomoni, kisha ujazeni mara nne, na watu wote hao wawe wanatembea barabara moja, wamebeba magodoro, sufuria, baiskeli, wazee na watoto.

Kilichonitisha ni ukimya. Umati ule wote, na ulichosikia zaidi ni miguu.

Pembeni mwa nyumba niliyopanga aliishi bibi mmoja mjane. Usiku ule aliweka mtungi na ndoo mbili mbele ya uwanja wake, akawa anawachotea watu maji kwa kata. Alikuwa anagawa huku ananung'unika. "Mtanimalizia migomba yangu, ninyi! Mtakata miti yangu yote!" Alisema hayo kwa Kihangaza, na wale watu wakamwelewa neno kwa neno, maana lugha zetu ni ndugu. Wakawa wanamwomba radhi na kunywa. Ndoo ikiisha, bibi anarudi kisimani gizani, anarudi nayo imejaa, na manung'uniko yanaanza upya.

Na alikuwa na haki ya kunung'unika. Migomba kweli iliisha. Miti ilikatwa mpaka vilima vikabaki vipara, mbuzi wakaibwa, na wanawake waliokuwa wakiokota kuni nyuma ya nyumba wakaanza kuzifuata mbali. Watu wanaosimulia ukarimu wa Watanzania huwa wanaliruka hili, nami naona wanawanyima wale wanakijiji nusu ya sifa yao. Kugawa kilichozidi ni jambo jepesi. Bibi yule aligawa akijua hasa atakachopoteza, akakitaja kwa sauti, na mkono wake haukusimama.

Hospitali yetu ilikuwa ndogo, ya misheni. Ilijaa mara moja: vitanda wagonjwa wawili wawili, mikeka sakafuni, mikeka barazani. Vidonda vya panga vina mahali pake, wanangu. Vingi viko kichwani na mikononi, kwa kuwa mtu akiona panga linamjia huinua mikono. Nilikuwa na miaka 31, na nilikuwa sijawahi kuona jeraha la namna ile kwa mtoto wa miaka minne.

Wiki ya pili tukampokea mwanamume mwenye jeraha la paja lililokwisha kuoza. Tukampa kitanda cha tisa. Alikuwa mtu wa kimya. Siku ya tatu, mama mmoja aliyelala mkekani karibu na mlango alimkazia macho, akaanza kutetemeka. Akasema kwa sauti ya chini sana: huyu alikuwa kizuizini.

Siku zile neno hilo lilikuwa na maana moja tu. Kwenye vizuizi vya barabarani watu walidaiwa vitambulisho, na kitambulisho cha Rwanda wakati ule kiliandikwa kabila la mtu. Ukitoa kadi yenye neno lisilotakiwa, safari yako imeishia hapo.

Wodi ikagawanyika. Wapo waliosema mama yule amechanganyikiwa kwa msiba. Wapo waliotaka mtu atolewe nje usiku ule ule. Wauguzi wawili wakakataa kumgusa. Wala shaka ile haikuzuka hewani. Benaco, kwenye kambi ya wakimbizi hao, kila mtu alijua kwamba ndani ya umati ule wenye njaa wamo walioua. Wapo viongozi waliovuka na watu wao, wakaendelea kuwa wakubwa kambini, na mgawo wa chakula ukawa unapitia mikononi mwao. Hebu fikirini kazi ya kugawa unga mahali kama pale. Unamlisha mtoto, na pengine kwa kijiko hicho hicho unamlisha aliyemuua baba yake.

Nikaenda kwa Matroni, mkuu wetu wa wauguzi. Nilitarajia anipe hotuba ya dini, au aniambie nifuate moyo wangu. Alikuwa anahesabu chupa za dawa. Hakuinua kichwa. Akasema, "Kidonda kinanuka hadi huku. Kakisafishe." Kisha akasema, "Hayo mengine aliyoyasema yule mama ni mazito, leo hii nitayafikisha kwa wenye kazi hiyo." Akaendelea kuhesabu.

Nikakisafisha. Nawaambia ukweli, nilikisafisha kwa hasira. Mkono wangu ulikuwa mzito kuliko kidonda kilivyohitaji, na mtu yule hakutoa sauti. Miaka zaidi ya thelathini imepita. Kumtibu hakujawahi kunisumbua hata siku moja. Ule uzito wa mkono ndio unaonirudia.

Usiku wa tano wa kulazwa kwake nilikuwa zamu peke yangu. Yule mama wa mkekani akaniita. Nikadhani maumivu yake yamerudi. Akaniambia, "Sista, yule mtu anaomba maji tangu saa nyingi. Husikii?"

Hakuinuka kumpelekea. Hakusema kwamba amemsamehe, na nani kati yetu angethubutu kumwambia amsamehe? Aligeukia ukutani, akajifunika khanga. Ila hakuweza kulala huku mtu analia maji. Nikampelekea yule mtu kikombe, nikamwinua kichwa, akanywa.

Polisi walikuja kumhoji mara mbili. Asubuhi moja nikakuta kitanda kitupu, na magongo hayapo. Kama mama yule alimtambua sawasawa au alimfananisha, sikupata kujua. Namwamini zaidi mama. Lakini maji nilimpa kabla ya kujua, na hilo ndilo lililonileta mbele yenu leo: katika vita na katika siasa za kushukiana, mgonjwa hufika kabla ya ukweli wake. Ukisubiri ukweli ufike ndipo uoshe kidonda, utakuta kidonda kimekwisha kumwondoa mtu.

Msije mkanielewa vibaya kwamba huruma inafuta kesi. Novemba 1994 Umoja wa Mataifa uliunda mahakama ya kimbari ya Rwanda, ikapewa makao Arusha. Tarehe 2 Septemba 1998 mahakama ile ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumhukumu mtu kwa kosa la mauaji ya kimbari. Wanawake wa Rwanda walisafiri mpaka Arusha wakasimama, wakaeleza walivyobakwa, na kwa ushahidi wao ubakaji ukahesabiwa kuwa sehemu ya kimbari. Niliisikia habari ile redioni nikiwa napasi sare, nikamkumbuka Matroni na chupa zake. Alijua kidonda ni cha nani na hukumu ni ya nani, na hakuruhusu kimoja kisubiri kingine.

Huko huko Rwanda, Ruhango, aliishi mwanamke mzee aitwaye Zula Karuhimbi. Nawatajia kwa sababu ni mwenzetu: alikuwa mtu wa mitishamba, akitibu watu. Ndani ya nyumba yake ndogo aliwaficha watu zaidi ya mia moja. Hakuwa na bunduki wala ukuta. Alikuwa na sifa ya kuogopwa kama mchawi, basi akaitumia. Alijipaka na kuipaka nyumba majani yanayowasha, wauaji wakigusa wanajikuna, naye anawatishia kwamba wakiingia watakuwa wameichokoza mizimu. Wakaogopa, wakaondoka. Alifariki Desemba 2018. Jina baya alilopewa na jirani zake likawa paa la watu mia moja, nami kila nikimfikiria nawaza wale mabibi tunaowabeza vijijini kwetu, ambao wengine wameuawa kwa sababu ya macho mekundu ya moshi wa kuni.

Sogeeni karibu na umri wenu. Machi 1997, shule ya sekondari ya Nyange, magharibi mwa Rwanda, watu wenye silaha waliingia usiku darasani, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Wanafunzi wakakataa. Wakasema wao ni Wanyarwanda. Wakapigwa risasi na kurushiwa mabomu, na baadhi yao wakafa. Walikuwa watoto wa shule, kama mlivyokuwa ninyi juzi.

Na tarehe 21 Desemba 2015, hapa jirani Kenya, basi lilikuwa linakwenda Mandera. Mwaka mmoja kabla, katika eneo lile lile, abiria 28 wasio Waislamu walikuwa wamechambuliwa ndani ya basi na kuuawa, kwa hiyo kila aliyepanda alijua njia ile ina nini. Al-Shabaab wakalisimamisha basi. Wanawake wa Kiislamu wakawatupia shela na mitandio wanawake Wakristo waliokaa nao, ili wasitambulike. Wapiganaji walipowataka Waislamu wajitenge, wakakataa: kama ni kuua, waueni wote, la sivyo waacheni wote. Mmoja wao, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016 akiwa hospitalini. Hebu lifikirieni lile tendo la shela. Limechukua sekunde ngapi? Hakuna kikao kilichokaa. Mama kavua cha kichwani mwake, kampa mtu aliyekuwa akigawana naye maji na biskuti tangu Nairobi. Nina hakika mkono ulikuwa umezoea kutoa kabla bunduki hazijaingia.

Sasa nisije nikawafanya mwondoke hapa mkidhani sisi Watanzania tuliumbwa kwa udongo tofauti. Desemba 1996 serikali yetu iliamuru Wanyarwanda wote warudi kwao ifikapo mwisho wa mwezi. Nilisimama barabara ile ile ya 1994 nikawaona wanapita kurudi, kwenye mvua. Wengi waliogopa, wakajaribu kukimbilia ndani zaidi ya nchi, askari wakawageuza. Najua sababu zilizotolewa, na zingine zilikuwa za kweli. Wilaya ilikuwa imechoka, na wauaji walikuwa wamejificha humo. Hata hivyo niliona mama aliyejifungua siku mbili kabla akitembea na mfuko wa plastiki kichwani, na sikuweza kumwambia lolote.

Januari 2001 tukawa sisi wa kukimbia. Baada ya watu kupigwa risasi Pemba kwenye maandamano yaliyotokana na mgogoro wa uchaguzi, Wazanzibari wapatao 2,000 walivuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Nchi iliyozoea kupokea ikatoa wakimbizi wake. Ikachukua mpaka Novemba 2009 kwa Rais Karume wa Zanzibar na Maalim Seif wa upinzani kukaa pamoja, na kura ya maoni ya Julai 2010, ya kuunda serikali ya pamoja, ikapita kwa asilimia 66.4. Yaani karibu mtu mmoja katika kila watatu alisema hapana, na bado wakaunda serikali pamoja. Ikavurugika tena baada ya uchaguzi wa 2015, ikaundwa tena mwishoni mwa 2020. Kuaminiana kwa watu walioumizana ni kama mshono kwenye kidonda kichafu: huachia, unasafisha, unashona tena, na mgonjwa anakulaumu kila mara.

Sudan vita vilianza tarehe 15 Aprili 2023, na vimewavunja watu kuliko ninavyoweza kuwasimulia mchana huu. Nitasema moja tu. Huko vijana wa mitaani waliunda vyumba vya dharura, wanapika vyungu vikubwa vya chakula cha bure, wanatafuta dawa, wanawatoa majeruhi, wakati serikali haipo na misaada imezuiwa njiani. Wameijenga kazi hiyo juu ya desturi yao ya zamani ya kuitana kufanya kazi ya pamoja, wanaiita nafiri. Ninyi mliotoka Upareni na Tanga mnalo neno lenu, msaragambo. Kwenye mitaa ya Dar es Salaam neno hilo limepungua. Ningependa lirudi.

Maana na sisi tumepita mahali pembamba. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, mji huu ulilipuka kwa maandamano na risasi. Ikatolewa amri ya watu kutotoka nje kuanzia saa kumi na mbili jioni, na intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa. Wapo ndani ya ukumbi huu waliozika. Nawapa pole, na sitajifanya maneno yangu yanatosha.

Naishi upande wa Mbagala. Usiku mmoja katika zile siku za kufungiwa, binti wa nyumba ya tatu alishikwa na uchungu. Bajaji hakuna, bodaboda hakuna, na kutoka na gari ni kujitafutia kifo. Mume wake alikuja kunigongea dirisha akinyata. Nilikwenda nikiwa na glovu jozi moja iliyobaki kwenye kabati.

Nikaomba vitu. Wembe mpya, uzi, maji ya moto, vitambaa safi, tochi. Majirani wakavipitisha juu ya ukuta, mkono kwa mkono, hakuna aliyetoka barabarani. Kisha mlango wa nyuma ukagongwa. Alikuwa mzee mmoja wa mtaa wetu ambaye wiki ile hakuna aliyekuwa anamsalimia. Ilisemwa kwamba anapeleka majina ya vijana. Nyumba ile ile tuliyokuwamo ilikuwa na kijana ambaye hajaonekana tangu Jumatano. Nikaona mume wa binti anavyobadilika uso.

Mzee akasimama palepale mlangoni, mkononi ana khanga mpya za mkewe, doti nzima, na chupa ya chai. Akasema, "Mama, nimesikia. Niambie nifanye nini." Nilitazamana naye. Sikujua kama yanayosemwa ni ya kweli, na mpaka leo sijui. Nikamwambia, "Shika tochi. Geukia ukutani, na tochi iwe juu."

Akashika tochi kwa saa mbili na nusu, amegeukia ukuta, mkono ukitetemeka. Mtoto wa kike alitoka kama saa tisa usiku. Tukamkausha kwa khanga za yule mzee, tukamlaza kifuani kwa mama yake. Kondo lilipotoka damu ikawa nyingi, nikamkanda tumbo mpaka kizazi kikakaza, na ni katika dakika zile ndipo nilipomwomba Mungu kwa sauti. Damu ikapungua. Mume akamwambia mzee, bila kumtazama, "Unaweza kukaa." Mzee akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa.

Hawakupatana usiku ule. Kijana wa nyumba ile alirudi baada ya siku tisa, amekonda, haongei. Mtaa bado unamtazama mzee kwa jicho la pembeni, na kama kuna alilofanya, natamani siku moja aulizwe mahali panapostahili, mbele ya watu, naye ajibu. Ila arobaini ya mtoto ilipofika, mama wa mtoto alipeleka sahani ya pilau nyumbani kwake, akaifunika kwa kawa, akaikabidhi kwa mkewe mlangoni, akarudi. Mtoto sasa anatambaa, na ana tabia ya kula mchanga.

Jumatatu mnaingia wodini, wanangu. Mtamkuta mtu mmelazimika kumhudumia na hamumtaki: wa chama kile, wa kabila lile, polisi, mwandamanaji, mkimbizi asiye na karatasi anayeogopa kutaja jina lake halisi. Mikono yenu itakuwa na hasira, kama yangu ilivyokuwa. Naombeni kitu kimoja, na nakiomba kama mama yenu: kabla hamjagusa kidonda, ipumzisheni ile mikono kwanza. Iosheni kwa maji na sabuni, taratibu, kama mlivyofundishwa, na msiitoe haraka ndani ya maji yale.

Asanteni kwa kunisikiliza. Naambiwa wapo kati yenu wa zamu ya usiku leo. Nendeni sasa, msiwacheleweshe wenzenu. Wamesimama tangu asubuhi na wanasubiri kuwakabidhi wagonjwa.